Pasi Iliyomficha Mvuke

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa wake kwa waume, kwa waliomaliza masomo na kwa sisi tuliomwachia mhadhiri sentensi yake mdomoni, kwamba mtaani kwetu anaishi mtu aliyeweza jambo linalowashinda wezi na wapelelezi wa dunia nzima: kufanya kazi mbele ya kamera iliyo wazi, dirisha wazi, mlango wazi, na asionekane hata siku moja akiifanya. Walioketi wasimame. Walioegemea ukuta waendelee kuegemea. Ukuta wenyewe ni wa zamani, unawategemea.

Mtu huyo ni dobi. Jina alilopewa na wazazi limelala kwenye cheti chake cha kuzaliwa na halijaamshwa siku nyingi. Sisi tunamwita Mvuke. Ukimsalimia asubuhi anakuitikia, lakini itikio linakuja polepole, kama linatokea chumba cha pili, na likifika wewe umeshavuka barabara. Ana mikono mikubwa ya upole na macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi na anayeomba radhi kwa hilo. Kusema ni mvivu ni kumsingizia. Kusema yuko nasi pia ni kumsingizia.

Chumba chake cha kazi kinatazamana na ukuta mweupe wa jirani, na mchana jua likiupiga ukuta ule, mwanga hurudi ndani umeshalainika, kama maziwa yaliyotiwa maji. Katikati kuna meza iliyovikwa blanketi na shuka, na shuka hiyo ina alama za pasi za kahawia zilizotawanyika kama visiwa ambavyo hakuna aliyewahi kuvitembelea. Juu, ukuta hadi ukuta, umepita waya wa kutundikia. Mashati yaliyonyooshwa hukaa pale yakipumua na upepo wa dirishani, mabega sawa, mikono imening'inia: mkutano wa watu wastaarabu waliosahau kuja na miili yao. Chini yao ipo chupa ya kunyunyizia maji, kapu la nguo zenye mikunjo, na kiti cha mbao chenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulivunjika zamani na hakuna aliyeutafuta.

Kiti kile ndicho kilicholeta kesi.

Mvuke aliirithi kazi kwa mama yake, na mama alikuwa na sheria moja iliyozidi sheria zote: nguo ikitoka kwenye pasi haikunjwi. "Nguo ya moto ni kama mtoto aliyetoka kulia," alikuwa akisema. "Mwache apoe kwanza. Ukimkunja sasa hivi atabaki na mikunjo hadi kesho." Kwa hiyo Mvuke hupiga pasi fungu zima bila kuinua kichwa, huchomoa pasi, hutundika, kisha hukaa kwenye kiti cha mkono mmoja kuzisubiri nguo zipoe. Kupoza nguo ni kazi. Mama aliifanya akiwa macho, akishona vifungo vya wateja. Mwanawe anaifanya akiwa amefumba macho, na kwa maoni yake hayo ndiyo maendeleo.

Chumba ni cha urithi, na mwenye kauli juu yake ni Dada, kifungua mimba wa mama yao. Dada alikwenda ng'ambo kumlea mjukuu, akanogewa; mjukuu sasa ana ndevu na Dada bado yuko huko anamlea. Kilichomtesa ugenini ni harufu ya mvuke wa pasi. Harufu haipiti kwenye waya, basi mkwewe alipokuja kututembelea alifunga kamera ndogo juu ya rafu, akaiunganisha na ruta ya intaneti, akaipa jina: *pasiyamama*. Dada akiandika jina hilo huko aliko, anakiona chumba alimokulia.

Hapa mnivumilie kidogo, maana haya ndiyo pekee niliyotoka nayo chuoni. Ruta ya nyumbani haina anwani ya kudumu. Kampuni ya mtandao huipangisha anwani, na kila ruta inapozimika na kuwaka upya huenda ikapewa nyingine, kama mpangaji anayehamishwa chumba kila akitoka kwenda dukani. Ndiyo maana ya lile jina. Kuna kampuni nyingine kazi yake ni kutunza majina, na kila baada ya muda kamera huijulisha: "Pasiyamama sasa anakaa namba fulani." Anwani inahama, jina linabaki. Ni utaratibu mzuri, kwa mtu asiyehama kila saa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Dada alipotenda wema. Alimtumia mdogo wake pasi mpya.

Ilikuwa pasi ya kutisha. Nzito, yenye tangi lake la maji na pua inayopuliza kama fahali aliyekanyagwa mguu. Mvuke aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mchana kutwa, kisha akaichomeka kwenye ekstensheni kuukuu iliyokuwa inaibeba ruta pia, kwa kuwa ndipo palipokuwa na tundu. Tangu siku hiyo Dada hakumwona tena mdogo wake akifanya kazi.

Aliona kiti. Akichungulia asubuhi, picha ilizungusha duara, ikazunguka, ikazunguka, ikamwambia haikupata kitu. Akirudi baadaye anakuta kiti, na Mvuke ndani yake, kidevu kifuani, na mashati juu ya kichwa chake yakimpungia upepo kama watumishi.

"Nimempelekea pasi ya maana," akamlalamikia Binamu kwenye simu, "ndiyo kwanza amezidisha usingizi."

"Dada, watu wengine ukiwapa ngazi wanaitumia kuegemea," Binamu akamjibu.

Binamu huyu ni mtoto wa shangazi yao, muuza manukato, mtu anayetangulia kufika kwa harufu kabla ya miguu. Utani kati yake na Mvuke ulianza wakiwa wadogo na haujapumzika tangu hapo. Alikuwa amekitamani chumba kile kwa muda mrefu ili afungue saluni, na kwa kuwa ni mtu wa mipango, alikuwa anampigia Dada simu kila wiki kumuuliza hali ya mgongo wake.

Kisha wakaja samaki.

Siku hiyo Dada alimpigia Mvuke mwenyewe.

"We mdogo wangu, umeanza kufuga samaki?"

Shati moja likapoa.

"Samaki gani, Dada?"

"Hao wa rangi ya machungwa! Nimeandika pasiyamama, nikaona samaki. Wamejaa kwenye sanduku la kioo, wanakwenda wanarudi, na wewe hata kitini hupo. Chumba cha mama umekijaza maji?"

Mvuke aligeuka akatazama chumba. Akainama chini ya meza. "Hapa siwaoni, Dada. Ila sijatazama kapuni."

"Unanitania?"

"Hapana. Wanaonekana wazima?"

"Wazima kuliko wewe!" Dada alikasirika, ingawa baadaye alikiri kwamba alikaa akiwatazama samaki wale muda mrefu kuliko alivyokusudia, na kwamba mmoja, mwenye mkia mrefu kama khanga iliyofunguka, alimsogelea akamtazama usoni kana kwamba anamjua. "Sasa nisikilize. Jumamosi saa tisa alasiri nitachungulia mara ya mwisho. Nikikukuta unapiga pasi, chumba ni chako mpaka tufe wote. Nikikuta kiti, au samaki, au giza, namkabidhi Binamu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," akasema Mvuke. Simu ilikuwa imeshakatika.

Msidhani hakuumia. Jioni ile alipita mlangoni kwangu akasimama, jambo asilolifanya. "Wakinitoa mle," akasema, "nguo nitazipoza wapi?" Kisha akaendelea na safari yake polepole, na mikono yake ilikuwa imekunjana mbele kama shati lililokunjwa kabla ya kupoa.

Mkwe wa Dada, mtu mwema, alimwelekeza kwa simu: picha ikipotea, fungua ukurasa wa kampuni ya majina, bonyeza palipoandikwa *Sasisha sasa*, nao watajua umehamia wapi. Ushauri ulikuwa sahihi. Mkwe hakujua tu kwamba anamshauri mtu aliyelelewa vizuri. Mvuke hawezi kupita mbele ya mtu bila kumsalimia, na kwake ile kampuni ilikuwa mtu. Akiinuka, alibonyeza. Akimaliza kola, alibonyeza. Akitoka kwenda msalani alibonyeza, na akirudi alibonyeza ili wasiwe na wasiwasi kwamba hakurudi.

Ijumaa mchana akaingia Fundi. Huyu ni mwanamke wa makamo anayefunga ruta na kuvuta nyaya za mtandao kwenye nyumba za mtaa mzima, na ovaroli zake zote hupigwa pasi na Mvuke, maana anasema mteja hamwamini fundi mwenye mikunjo.

"Hodi, Mvuke! Upo?"

Akangoja. Wateja wa pale wanajua kungoja.

"Nipo," Mvuke akaitika.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba na simu mkononi, anabonyeza, uso umemparama.

"Unamwandikia nani mapenzi mchana huu?"

"Nasasisha. Lakini leo hawaitikii."

Fundi akamnyang'anya simu, akasoma, akacheka mpaka akashika meza. "Wamekufungia jina! Mvuke, umewapigia hodi mpaka wametia komeo. Ukiwajulisha watu hawa mara mia kwamba hujahama, wanakuona mhalifu."

"Nilikuwa nawasalimia tu."

"Kesho nawe unatazamwa na Dada yako, mtaa mzima unajua. Hebu niambie tangu mwanzo, usiruke kitu."

Mvuke akasimulia, na hakuruka kitu, hata jinsi sanduku la pasi lilivyonuka lilipofunguliwa. Alipofika kwa samaki, Fundi akaacha kucheka.

"Ngoja. Hao samaki ni wa mtu."

"Hata mimi nilifikiri hivyo."

"Sikiliza. Ruta yako imezimika, imewaka na anwani mpya. Anwani ya zamani ikapewa nyumba nyingine. Jina lako likawa bado linaelekeza kule kule kwa zamani. Dada yako anapiga hodi kwa jina lako, mlango unafunguliwa na mwenye samaki. Kamera yako neno lake la siri ni lipi?"

"Lile lililokuja nayo kwenye boksi."

"Na yeye la kwake ndilo hilo hilo, hakuna anayebadilisha! Nyinyi wawili mmefunga milango yenu kwa ufunguo mmoja wa kiwandani."

Mvuke akalifikiria hilo. "Kwa hiyo naye labda ameniona nikilala."

"Labda."

"Natumaini alipumzika."

Fundi akavuta pumzi ya mtu anayelipwa kwa kazi lakini halipwi kwa uvumilivu. "Swali ni kwa nini inazimika. Inazimika saa ngapi?"

"Sijui. Nikiwa napiga pasi siitazami."

"Basi chukua ovaroli yangu upige, mimi niitazame."

Mvuke akaichomeka pasi ya Dada. Akanyunyiza maji. Mvuke ule mwingine, wa kweli, ukapanda taratibu ukajaza chumba, ukuta wa jirani ukawa kama unatazamwa usingizini, na pasi ikaanza kwenda na kurudi juu ya kitambaa kwa sauti ya wimbi dogo lisilo na haraka. Hata Fundi alisahau kidogo alichokuja kufanya. Kisha pasi ikagonga *tak* ndani yake, ikavuta umeme funda moja refu, na taa za ruta juu ya rafu zikafumba zote kwa pamoja. Baadaye zikaanza kufumbua, moja, halafu nyingine, kama watu wa nyumba moja wanaoamshwa na mgeni. Hazijamaliza, pasi ikagonga tena. Zikafumba.

"Ala!" Fundi akasema. "Mvuke, wewe ukishika pasi unapotea duniani."

"Ndivyo ninavyojisikia," Mvuke akajibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Yote yakawa wazi. Ekstensheni ilikuwa imechoka, na pasi ikivuta, ruta inabaki na njaa, inazirai. Inazinduka na anwani mpya. Kamera nayo inatoa taarifa kila baada ya nusu saa. Kabla taarifa haijafika, ruta imezirai tena. Pasi ikichomolewa ndipo mambo yanatulia, jina linaipata anwani, picha inarudi, na Dada anaona kilichopo wakati pasi imechomolewa. Kiti. Kamera haikusema uongo hata mara moja. Ilikuwa tu haiwezi kumwona mtu huyu na kazi yake kwa pamoja.

Fundi akaihamishia pasi kwenye soketi ya ukutani karibu na mlango, na meza ikasogezwa ifuate. Ekstensheni akaiachia ruta na kamera peke yake. "Jumatatu nakuletea mpya. Mpaka hapo usiibebeshe hii hata unyoya." Akabadilisha neno la siri. Kazi ya kutoa taarifa akaitoa kwa kamera, akaipa ruta yenyewe: "Ukihama, sema mara moja, papo hapo. Usipohama, nyamaza. Na wewe Mvuke, hicho kitufe usikiguse tena."

"Hata kuwaaga?"

"Hata kuwaaga! Sasa nipe jina jipya, lile limefungiwa."

Mvuke akapiga pasi mguu mzima wa ovaroli akifikiri.

"Andika *nipohapa*," akasema, na Fundi akalituma jina hilo kwa Dada pamoja na neno jipya la siri.

Jumamosi alasiri Binamu aliwasili, kwa harufu kisha kwa mwili, na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa na Dada kwenye simu, sauti ameifungulia ili sote tuliokuwa mlangoni tusikie hukumu. Dada huko aliko alikuwa na kishkwambi mapajani kwa ajili ya picha. Fundi naye alikuja; alisema amesahau kifungo.

"Kioo hapa, kioo pale," Binamu akapima. "Binamu yangu, usijali, kiti chako nitakiacha. Wateja wakisubiri watalala humo kwa kumbukumbu yako."

Mvuke alikuwa amelitandaza shati jeupe, akaishika pasi, akaanza na mabega.

"Naandika," ikasema simu. "Nipohapa." Tukasikia kidole kikigonga kishkwambi. "Namwona."

Binamu akashusha futi.

"Anapiga pasi. Anapiga pasi, jamani!"

"Mwigizaji huyo," Binamu akasema haraka. "Dada, tusimtazame yeye, tutazame mradi. Ngoja nikuonyeshe umeme wa hapa unavyotosha." Akatoa mfukoni mashine ya kukaushia nywele, akainama, na kabla Fundi hajamaliza kusema "Wewe!" akaichomeka kwenye ekstensheni.

Mashine ikanguruma. Taa za ruta zikafumba.

"Giza!" simu ikapiga kelele. "Amepotea! Nilisema mimi, nikikuta giza—"

"Mama, ngoja," Fundi akasema, huku ameshaichomoa mashine kwa mkono mmoja na kumsukuma Binamu kwa mwingine. "Usiseme neno. Ngoja tu."

Tukangoja. Sijawahi kuona watu wazima wakiitazama rafu kwa unyenyekevu kiasi kile. Mvuke peke yake hakuinua kichwa. Alikuwa amefika kwenye kola, na kola haiachwi njiani. Pasi ikaenda, ikarudi. Taa ya kwanza ikafumbua. Ya pili. Mvuke wa moto ulipita mbele yake ukaifanya ionekane mbali sana, kama dirisha la nyumba ng'ambo ya bonde. Ya tatu. Ruta ilikuwa imehama tena, imepewa anwani isiyojulikana na mtu yeyote chumbani mle, ikasema mara moja tu ilipohamia, ikanyamaza.

"Namwona," Dada akasema, sauti imeshuka. "Bado yuko kwenye kola ileile."

Kisha akaita, "Binamu."

"Naam, Dada."

"Kabla ya giza nimekuona unachomeka kitu."

"Kidude kidogo tu, Dada. Cha nywele."

"Kinatoa moto?"

"Kinatoa... kiasi."

Mwanamke aliyelelewa na dobi hahitaji mhadhara wa pili. "Na ile pasi niliyoipeleka mimi," akauliza polepole, "alikuwa anaichomeka wapi?"

"Hapohapo, mama," Fundi akamwambia. "Tangu siku aliyoipokea."

Tukasikia huko ng'ambo kiti kikilia, mtu akijiweka sawa. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namzima." Kiti kikalia tena. "Binamu, kunja futi yako."

"Lakini Dada, vioo nimeshaviagiza!"

"Jitazame humo."

Baada ya hapo alituacha tuendelee kusimama mlangoni huku yeye anasikiliza, na kilichosikika ni pasi tu, wimbi lake dogo, *tak*, na maji yakiguna kwenye tangi. Mwanga wa ukuta ulikuwa umeanza kugeuka dhahabu. Mashati yaliongezeka kwenye waya, moja baada ya jingine, mabega sawa, na nadhani kwa kitambo fulani hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mahali alipokuwa. Binamu mwenyewe alikaa kwenye kapu.

Mvuke akamaliza shati la mwisho. Akachomoa pasi. Akatundika.

"Mdogo wangu," Dada akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Chumba ni chako. Hiyo mikono ni ya mama, nimeiona. Nimepoteza siku nyingi nikiwatazama samaki wa watu. Sasa nitafidia. Nitakutazama kila siku, asubuhi na alasiri, nisikuache peke yako tena. Unasikia?"

Mvuke alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mkono mmoja. Tukangoja itikio litoke chumba cha pili. Likafika.

"Nimesikia, Dada. Sasa zima, nataka kulala."